Kisanduku cha Jina

Naitwa Nyanzala. Nilizaliwa mwaka wa njaa,
na njaa ile ingali inaitika kila ninapoitwa.
Karani wa zamu ya usiku, Bandari ya Nyota, Mwanza Kusini,
palipokuwa zamani maghala ya pamba.
Vyombo hushuka ziwani, maji yakatokota,
dagaa wakaruka kama mchele kwenye ungo,
na majabali ya Bugando hutetemeka, ila hayaanguki.
Yameona makubwa.

Fomu ni moja, visanduku vitatu:
jina lako, la baba, la babu.
Herufi ishirini na nne, ilisema wizara, zinamtosha kila kiumbe.

Usiku ule chombo kilitoka Oruwe, nyuma ya jua la tatu.
Wachukuzi walijitenga na ngazi.
Mama Bhoke wa vitumbua akafunika beseni lake,
akasema hawa hawana baba, hawa huzaliwa na kutu.
Mwingine akasema wanakula vivuli vya watoto.
Nani aliona? Hakuna aliyeona. Wote walijua.

Nami sikuinua kichwa. Nilisema:
"Wewe, macho mekundu, sogea."

Akasogea. Mrefu, mwembamba,
shingo ikiwaka taratibu kama kaa linalopulizwa.
"Jina?"
Akaanza kulitaja, nikaandika hadi mkono ukaishiwa pumzi:
sauti ya mama yake, sauti ya mto wao,
kisha Rudi-Ulikotoka, kisha Mnuka-Chuma,
Usiketi-Hapa, Hesabu-Vijiko-Akishatoka,
na mwishoni kabisa, kwa sauti yangu, kwa lafudhi yangu ya Magu,
Macho-Mekundu-Sogea.

Nikadhani ananidhihaki.
"La," akasema. "Kwetu mtu hupewa mwanzo tu.
Kilichobaki hutiwa na kila amwitaye.
Hakifutwi. Tunakibeba."

Bibi yangu Kashinje alipikia samadi miaka hamsini.
Kuni zilikwisha, pamba ilikuwa imekula msitu,
moshi ukayapaka macho yake wekundu.
Pale kijijini jina lake likaanza kukonda.
Akawa Yule Bibi. Akawa Yule. Akawa Macho.
La mwisho walimpa kwa kunong'ona,
na lililonong'onwa mchana likaja usiku na panga.
Nilikuwa na miaka saba, uvunguni mwa kitanda.
Sikuwahi kumwambia mtu.
Nikamwambia mgeni wa Oruwe,
dirisha namba nne, foleni ikiguna.

Alisikiliza, shingo imezimika.
Kisha akauliza bibi aliitwa nani kabla ya moshi.
Nikamtajia. Akalirudia mara mbili,
vibaya, kwa uangalifu,
kama mtu anayevuka ukumbi amebeba bakuli lililojaa.

Nilitaka kumtilia kitu chema pale mwishoni,
kitu kama Karibu. Lakini Karibu imechapwa kwenye bango la lango kuu,
na bango lenyewe limepauka.
Nikauma kalamu. Sikupata neno.

Kukakucha. Karabai zikazimwa moja moja huko ziwani.
Mfagiaji, Mabula, akapita na ndoo yake,
akanisalimu kama anavyonisalimu siku zote: "Wangaluka."
"Wangaluka," nikaitikia,
na macho yangu, kwa bahati tu, yalikuwa kwa mgeni.

Shingo yake ikawaka hadi kwenye masikio.
Alidhani nimemwita.
Sikumsahihisha. Nikaliandika, herufi kwa herufi,
chini ya lile nililolitia mwanzo,
ambalo lipo bado, kwa wino uleule.

Kisanduku kilifurika. Niliunga karatasi tatu kwa ugali wa jana.
Bwana Rwechungura, msimamizi, alinikata nusu ya mshahara wa siku
kwa kuharibu mali ya serikali;
yeye ambaye kwenye kitambulisho ni Rwechu,
nafasi haikutosha.
Ila muhuri aliugonga.
Alikaa nalo muda mrefu kwanza, akilifuata kwa kidole,
midomo ikicheza.